Nani Ana Haki ya Kutembea? Njia za Miguu za Ngara na Biharamulo Katika Historia

Wahenga walisema, tembea uone. Katika miaka ya karibuni usemi huu umepata wafuasi wapya miongoni mwa vijana wa mijini. Kila mwisho wa juma huundwa makundi ya kupanda milima, kutafuta maporomoko ya maji, kupiga picha na kurejea nyumbani jioni. Ni jambo jema, na sina nia ya kulibeza. Lakini kila ninapoona matangazo ya safari hizo, hasa yale yanayoitaja Kanda ya Ziwa kama eneo jipya la kugunduliwa, najiuliza swali la kihistoria: eneo hili ni jipya kwa nani? Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huenda ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zilizokanyagwa na miguu mingi zaidi. Tofauti ni kwamba wengi wa waliopita hapo hawakutembea kwa starehe. Walitembea kwa sababu ya biashara, kodi, vita, ugonjwa na hofu.

Hoja ya makala hii ni kwamba kutembea katika nchi ni suala la kisiasa. Jamii yoyote inaweza kupimwa kwa kuuliza nani anaruhusiwa kupita wapi, kwa idhini ya nani na kwa gharama gani. Tukiisoma historia ya Ngara na Biharamulo kwa kipimo hicho, tutaona mambo ambayo vitabu vya utalii haviyasemi.

Kwa nini nianzie Norway

Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu mfano wa Norway hutajwa mara nyingi pale panapozungumzwa matembezi ya porini, na mara nyingi hutajwa nusu. Nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya ina pwani iliyokatwakatwa na ghuba ndefu, nyembamba, zilizozungukwa na milima mikali. Wageni kutoka pande zote za dunia huenda huko kwa matembezi ya siku moja. Asubuhi hupanda, mchana hula juu ya mwamba, jioni hushuka. Wanorway wenyewe wana neno la maisha hayo ya nje, friluftsliv, ambalo mwandishi Henrik Ibsen alilitumia katika shairi lake mwaka 1859. Mwaka 1868 kikaanzishwa chama cha kitaifa cha watembeaji, na mwaka 1957 Bunge likapitisha sheria inayolinda haki ya kila mtu kupita kwa miguu katika ardhi isiyolimwa, hata kama ardhi hiyo ina mmiliki. Mtembeaji anaweza pia kupiga hema usiku, mradi awe umbali wa mita 150 au zaidi kutoka kwenye nyumba ya mtu.

Nusu isiyotajwa ni hii. Njia ambazo leo watu huzitembea kwa furaha zilikuwa njia za umaskini. Wakulima wadogo wa mabonde yale walizitumia kupeleka mifugo malishoni milimani wakati wa kiangazi, kubeba nyasi, kwenda kanisani na kwenda kuzika. Kati ya mwaka 1825 na 1925 watu wapatao 800,000 waliihama Norway, wengi wao wakienda Marekani, kwa sababu ardhi haikuwatosha. Ni taifa lililokuwa likipoteza watu wake ndilo lililoamua, kwa mila kwanza na kwa sheria baadaye, kwamba mlima ni wa kila raia kuupanda. Kwa hiyo somo la Norway linahusu uamuzi wa kisiasa kuliko uzuri wa mandhari. Mandhari nzuri na sisi tunayo.

Njia kabla ya mipaka

Turudi nyumbani. Kabla ya miaka ya 1890, eneo tunaloliita leo Biharamulo na Ngara lilikuwa na falme na himaya ndogo zilizopakana: Rusubi, Bushubi, Bugufi na sehemu za Buzinza, huku Karagwe ikiwa kaskazini. Kati yake zilipita njia za miguu zilizobeba bidhaa za msingi za maisha. Warongo, mafundi chuma mashuhuri wa ukanda huu, walifua majembe yaliyosafiri hadi Unyamwezi na kwingineko. Chumvi nayo ilipanda kutoka Uvinza. Baadaye wakaongezeka wafanyabiashara wa pwani waliofuata pembe za ndovu na kuweka kituo chao Kafuro, huko Karagwe.

Mwaka 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant walipita katika njia hizo wakielekea kaskazini. Pamoja nao alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Uyao aliyewahi kuuzwa utumwani India, ambaye bila yeye na wenzake safari ile isingefika popote. Walipofika Rusubi, ambayo Speke aliiandika kama Usui, walikwama kwa siku nyingi wakijadiliana juu ya hongo na mtawala wake, Suwarora. Katika kitabu chake Speke alilalamika sana kuhusu ulafi wa watawala wa njiani. Wanahistoria wengi wa zamani walilikubali lalamiko hilo bila kulihoji.

Naomba tulihoji. Leo neno hongo lina maana ya rushwa, na mtumishi wa umma anayesoma makala hii analijua kwa maana hiyo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ada ya kupita. Mgeni alilipa, na kwa malipo hayo akapata ulinzi, chakula, maji na waongozaji. Msafara wa watu wengi wenye bunduki haukuwa jambo dogo kwa wenyeji. Ulikula akiba ya vijiji na uliweza kuleta magonjwa. Suwarora alikuwa akitekeleza mamlaka ambayo leo kila dola hujipa mpakani, yaani kuuliza mgeni ni nani, anakwenda wapi na anatoa nini. Kilichowaudhi wageni wale ni kwamba mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa Mwafrika.

Mto unakuwa mpaka

Mei 1894 Gustav Adolf von Götzen, mwanajeshi na mtukufu wa Kijerumani, aliuvuka Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo na kuingia Rwanda. Hakumwomba mtawala wa Rwanda ruhusa kwa namna Speke alivyolazimika kuiomba Rusubi. Miaka saba baadaye akawa Gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na ni wakati wa utawala wake ndipo Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905 na kuzimwa kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Nalitaja hili kwa sababu vitabu vya safari humwita mvumbuzi, na vitabu vya Maji Maji humwita gavana, kana kwamba ni watu wawili. Kutembea kwake na kutawala kwake vilikuwa kazi moja.

Boma la Biharamulo, ambalo jengo lake bado limesimama, ni alama ya kipindi hicho. Kutoka bomani, njia zikaanza kuwa na kazi mpya: kukusanya kodi, kupeleka amri na kuwasaka vibarua. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Wabelgiji yalishuka kutoka Rwanda na Burundi, yakaitwaa Biharamulo Juni 1916 na kuendelea hadi kuiteka Tabora Septemba mwaka huohuo. Majeshi yale hayakuwa na reli wala malori katika ukanda huu. Mizigo yao ilibebwa vichwani na wapagazi, na miongoni mwao wengi hawakurudi.

Baada ya vita wakubwa wakagawana. Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji na Tanganyika ikaenda kwa Waingereza. Bugufi, iliyokuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Wilaya ya Ngara. Mtu aliyelala akiwa na shangazi, wakwe na shamba ng'ambo ya pili ya bonde aliamka akiwa na ndugu wa nchi ya kigeni. Njia ya kwenda kusalimia ikageuka kuwa kosa, au angalau jambo la kuelezwa kwa askari.

Pori lilitoka wapi

Hapa ndipo hoja yangu inapogusa moja kwa moja matembezi ya leo. Mgeni akisafiri kutoka Biharamulo kwenda Lusahunga, na kutoka huko kuelekea Nyakahura na Ngara, huona misitu na mapori makubwa. Huwa rahisi kudhani kwamba nchi hii ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia.

Msomi aliyetufundisha kutilia shaka dhana hiyo alikuwa, kwa bahati, Mnorway. Helge Kjekshus alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na mwaka 1977 alichapisha kitabu kuhusu udhibiti wa mazingira katika historia ya Afrika Mashariki. Kwa ufupi, alisema kwamba kabla ya miaka ya 1890 wakulima na wafugaji wa Tanganyika walikuwa wameyadhibiti mazingira yao. Kwa kulima, kuchoma nyasi na kuchunga walimzuia mbung'o asisogee. Kisha vikaja vipigo mfululizo: sotoka iliyoangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, ndui, funza, njaa na vita vya kuiteka nchi. Mifugo ilipokufa na watu walipopungua, vichaka vilirudi, na pamoja navyo mbung'o na wanyamapori.

Wapo waliomkosoa Kjekshus kwamba aliipamba mno hali ya kabla ya ukoloni, na ukosoaji huo una uzito. Hata hivyo, kiini cha hoja yake hakijatetereka: mapori mengi tunayoyaona ni matokeo ya historia. Dola ya Waingereza ilipokabiliana na malale katika magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, njia kuu iliyotumia ilikuwa kuwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja. Wengine waliokoka na ugonjwa, hilo halina ubishi. Lakini mashamba waliyoyaacha, makaburi ya wazee wao na njia zao za miguu vilimezwa na vichaka. Vizazi viwili baadaye ramani ikaandika neno moja tu: pori. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipokuja na mantiki ileile ya kuwakusanya watu, wazee wa maeneo kama haya hawakuwa wanaiona kwa mara ya kwanza.

Waliotembea kwa sababu hawakuwa na hiari

Wakati mapori yakikua, njia kubwa zilizidi kujaa. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya wanaume wa Ruanda-Urundi walitembea kwenda mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda, wakikimbia kodi na kazi za shokoa za Wabelgiji. Sehemu yao walipita Ngara na Biharamulo kuelekea Bukoba. Wahangaza na Washubi wa Ngara nao walijiunga na misafara hiyo. Kahawa ya Bukoba na pamba ya Buganda, ambazo takwimu zake zilijaza ripoti za wakoloni, zina nyayo za watu hawa ndani yake.

Kisha wakaja wakimbizi. Walikuja kutoka Rwanda kuanzia mwaka 1959, kutoka Burundi mwaka 1972, na tena kutoka Burundi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Lakini tukio lililoliweka jina la Ngara midomoni mwa dunia ni lile la tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa miguu. Chini ya daraja hilo Mto Kagera ulikuwa ukibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ikielekea Ziwa Victoria. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji na walikuwamo watoto wasio na hatia, wakitembea bega kwa bega. Kambi ya Benaco, iliyobeba jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikageuka kwa siku chache kuwa kama jiji.

Wenyeji wa Ngara walipokea, na walilipa gharama. Vilima vilikatwa miti kwa kuni, vyanzo vya maji vilielemewa, wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo waliwindwa sana, na barabara za mapori ya Biharamulo zikawa za kupitwa kwa kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Machi 1995 Serikali ilifunga mpaka. Desemba 1996 ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda warejee kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya Tanzania, vikosi vya usalama vikawageuza, na mamia ya maelfu wakavuka tena daraja lilelile, safari hii kuelekea magharibi. Septemba 2013, katika Operesheni Kimbunga, njia hiyo ilijaa tena watu walioitwa wahamiaji haramu, baadhi yao wakiwa wameishi Kagera kwa miongo kadhaa.

Siandiki haya kuilaani Serikali wala kuitetea. Nchi maskini iliyobeba mzigo wa vita visivyo vyake ilikuwa na machaguo machache na magumu. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu hii haina alama njiani. Kijana anaweza kusimama Rusumo, akapiga picha ya maporomoko, akaondoka bila kujua amesimama mahali gani.

Raia anapotembea

Ipo pia historia nyingine ya kutembea katika taifa letu, na ni vema kuikumbuka. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, na vijana wa mikoa mbalimbali walifanya matembezi ya aina hiyo mwaka huo. Tunaweza kubishana juu ya Azimio lenyewe. Lakini wazo lililokuwa ndani ya matembezi yale lilikuwa wazi: nchi hii ni yetu, na tunaijua kwa miguu yetu.

Wazo hilo liko wapi leo? Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 4,700. Kwa uhifadhi ni hatua kubwa, hasa baada ya hasara ya miaka ya 1990. Kwa sheria, hata hivyo, kuingia katika hifadhi ya taifa bila kibali ni kosa. Mtalii hununua kibali. Mwanakijiji wa jirani, ambaye babu yake huenda alihamishwa kutoka ndani ya pori hilo kwa sababu ya malale, huifahamu hifadhi zaidi kwa askari wake, faini zake na ng'ombe waliokamatwa. Pale Rusumo, daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha vilizinduliwa Aprili 2016, na mradi wa umeme wa megawati 80 umejengwa kwa ajili ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Malori yamefunguliwa njia, na umeme pia. Mtembea kwa miguu ndiye ambaye bado hajapangiwa chochote.

Sipendekezi kwamba hifadhi zifunguliwe ovyo. Tanzania si Norway. Tuna simba, tuna ujangili, na tuna ongezeko la watu ambalo nchi ile haina. Napendekeza mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni la watumishi wa halmashauri. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia kwa ajili ya umma, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka huohuo inazipa serikali za vijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao. Mipango hiyo ichore pia njia za miguu za kale kama mali ya umma, kabla hazijafungwa na uzio wa mashamba makubwa, machimbo na viwanja. Njia ikishapotea kwenye ramani, kuidai tena mahakamani ni kazi ya kizazi kizima.

La pili ni la mamlaka za hifadhi. Ziwepo siku ambazo wanafunzi na wazee wa vijiji vinavyopakana na Burigi-Chato wataingia bila malipo, wakiongozwa na askari, ili wazee waonyeshe mahame yao na majina ya mahali yaandikwe kabla hawajaondoka duniani. Hifadhi inayojua historia ya watu wake hupata walinzi ambao bajeti haiwezi kuwaajiri.

La tatu ni letu sisi wa vyuoni na shuleni. Matembezi ya siku moja kutoka mjini Ngara hadi Rusumo, au kuzunguka Boma la Biharamulo na viunga vyake, yanaweza kufundisha ukoloni, mipaka, ikolojia na haki za wakimbizi kuliko mihadhara yangu kumi. Gharama yake ni nauli, maji na chakula cha mchana. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliyesoma, na mzee wa mahali hapo aliyeombwa kwa heshima kuzungumza.

Wanaharakati watauliza kama hili ni suala la dharura kulinganisha na maji, dawa na bei ya kahawa. Jibu langu ni kwamba katika Ngara na Biharamulo masuala hayo hayajawahi kutenganika. Kwa zaidi ya karne moja, kila aliyetaka kuitawala nchi hii alianza kwa kuamua nani apite, nani ahamishwe na nani arudishwe. Maji, malisho, kuni na mashamba vilifuata uamuzi huo. Mwananchi anayeijua njia ya kijiji chake, jina lake la zamani na sababu ya kufungwa kwake, ataweza kusimama katika mkutano wa kijiji siku mpango wa ardhi utakapoletwa na kuuliza maswali yanayostahili majibu. Mikutano hiyo inafanyika sasa, na mipango inapitishwa sasa.